Miaka miwili na kalamu ya teriparatidi: maudhi yake, faida yake, na kinachofuata baada yake

Nilianza kujidunga teriparatidi, dawa ya mifupa dhaifu inayokuja ndani ya sindano yenye umbo la kalamu, nikiwa na umri wa miaka 67, baada ya pingili mbili za uti wa mgongo kubonyea. Ya kwanza ilibonyea nilipoinama kuinua ndoo ya maji ambayo haikuwa imejaa hata nusu. Ya pili sijui ilibonyea lini, kwa kuwa ilionekana tu kwenye picha ya eksirei niliyopigwa kwa ajili ya ile ya kwanza. Nilimaliza miezi 24 ya sindano za kila siku, nikahamia kwenye dripu ya mara moja kwa mwaka, na kwa muda wote huo dada yangu mkubwa, ambaye ninaishi naye, alikuwa akichomwa sindano ya aina nyingine kila baada ya miezi sita. Ninachoandika hapa, basi, ni tathmini ya dawa niliyoishi nayo mwilini, pamoja na nyingine mbili nilizozifahamu kwa karibu, na nia yangu ni kumsaidia mtu aliyeandikiwa sindano hizi za mifupa dhaifu ambaye anasita kuanza kwa sababu ya mambo aliyoyasikia kuhusu madhara yake.

Nitangulize hukumu yangu: naipa kalamu hii nyota nne kati ya tano, na ningekubali kuitumia tena kesho kama ningeambiwa nianze upya. Ile nyota moja naiondoa kwa sababu ya usumbufu wa kuitunza na misuli iliyonikaza usiku kwa miezi kadhaa. Jambo nililolielewa kwa kuchelewa, na ambalo ningependa wengine walielewe mapema, ni kwamba maudhi unayoyahisi kila siku si lazima yawe ndiyo madhara ya kuogopa. Katika nyumba yetu, sindano iliyoniudhi mimi kila usiku haikumvunja mtu mfupa, ilhali sindano ambayo dada yangu hakuihisi kabisa ndiyo iliyomletea balaa pale tarehe yake ilipopitishwa.

Teriparatidi ni kipande cha homoni ya tezi za parathairoidi, ambazo ni tezi ndogo za shingoni, yaani asidi amino 34 za mwanzo kati ya 84 zinazounda homoni kamili. Homoni hiyo ikiwa juu katika damu saa zote, hula mifupa. Ikiingia kwa muda mfupi mara moja kwa siku kisha ikatoka, huziamsha seli zinazojenga mfupa. Daktari wangu alinieleza hayo kwa subira kubwa, na baadaye niliona kwamba maelezo yale ndiyo yaliyonisaidia kuyavumilia maudhi: dawa hutoka kwenye damu ndani ya saa chache, kwa hiyo maudhi mengi nayo huja na kuondoka ndani ya saa chache hizo, na mtu anaweza kuipanga siku yake kwa kuyazingatia.

Kalamu niliyoitumia ilikuwa na dozi 28 za mikrogramu 20 kila moja, na baada ya siku 28 hutupwa hata kama kimebaki kimiminika ndani, ndiyo maana niliandika tarehe ya kufungua kwenye kipande cha plasta nikakibandika kwenye mwili wa kila kalamu mpya. Sindano hazikuwamo kwenye pakiti, bali zilinunuliwa kando, na kila siku hufungwa mpya na kuondolewa mara baada ya kazi, kwa sababu ukiiacha kwenye kalamu, hewa huingia na kuharibu kipimo. Unavuta kitufe cheusi mpaka kigome na mstari mwekundu uonekane, unashika mkunjo wa ngozi ya paja au tumbo, unadunga, unabonyeza hadi mwisho, kisha unahesabu polepole hadi tano kabla ya kuchomoa. Ukiona kijiti cha njano bado kimechomoza, ujue dozi haikuingia sawasawa, na hata hivyo hutakiwi kujidunga tena siku ile ile. Maumivu ya sindano yenyewe ni madogo mno, kwa kuwa ncha ni nyembamba na fupi. Kilichonitaabisha mimi ni kile kitufe, kwa sababu vidole vyangu vimekakamaa, na siku za baridi ilinibidi nimwombe dada yangu anivutie. Mwenye ugonjwa wa viungo vya mikono aijaribu kalamu ya mfano mbele ya muuguzi kabla hajarudi nayo nyumbani.

Mimi sikupata nafasi hiyo. Niliondoka na kalamu, karatasi ya maelezo yenye maandishi madogo sana, na agizo la kujidunga kila siku, bila mtu yeyote kuniambia nikae kitako baada ya dozi ya kwanza. Nilijidunga asubuhi nikiwa nimesimama mbele ya beseni la kunawia, nikaitupa sindano kwenye kopo gumu nililokuwa nimeliandaa, nikaenda kufungua mlango wa nyuma. Kabla sijaufikia, moyo ulianza kwenda mbio, masikio yakavuma, na sakafu nikaiona inainuka upande mmoja. Niliushika mlango kwa mikono miwili na kuteremka nao taratibu hadi nikakaa chini, na hapo nilibaki kwa muda wa robo saa hivi huku jasho jembamba likinitoka kwenye paji la uso. Mtu ambaye pingili zake zimebonyea kwa kuinua ndoo hana ruhusa ya kuanguka, na kila nikifikiria mlango ule ungekuwa hatua mbili mbele zaidi, hukasirika kwamba sentensi moja tu ya tahadhari haikusemwa.

Nilipompigia simu muuguzi jioni ile, aliniambia kwa sauti ya upole, “Mama, hizo ni presha zinazoshuka ukisimama. Jidunge ukiwa umekaa kitandani, na usiinuke haraka.” Ndivyo ilivyo: katika dozi chache za mwanzo, presha ya baadhi ya watu hushuka ndani ya saa nne baada ya sindano, na mara nyingi hali hiyo hutulia kwa kulala chali kwa dakika kadhaa. Nilimwuliza daktari kama naweza kuhamishia sindano usiku, akakubali, na tangu hapo nilijidunga saa tatu usiku nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, taa ikiwa inawaka, vitu vyote vya kujikwaa vimeondolewa sakafuni, na tayari nimekwenda msalani. Kizunguzungu kilinirudia mara tatu au nne katika wiki mbili za kwanza, kila mara nikiwa nimelala, kisha kikaisha kabisa.

Wengi huuliza kama jambo hili humpata kila mtu. Utafiti mkubwa wa dawa hii, uliochapishwa mwaka 2001, uliwahusisha wanawake 1,637 waliokoma hedhi na ambao tayari walikuwa na pingili zilizovunjika. Katika takwimu za usalama zinazotolewa pamoja na dawa, kizunguzungu kimeripotiwa na watumiaji 8 katika kila 100, lakini pia na watu zaidi ya 5 katika kila 100 waliodungwa maji matupu yasiyo na dawa. Kichefuchefu nacho kiliwapata takriban 9 kati ya 100 waliotumia dawa na takriban 7 kati ya 100 wasioitumia. Takwimu hizo zilinipa utulivu mkubwa, kwa maana zilinionyesha kwamba sehemu ya yale tunayoyaita madhara ya sindano ni maumivu ya umri na ya ugonjwa wenyewe ambayo yangekuwepo hata bila sindano. Sisemi hivyo kumkatisha mtu tamaa ya kulalamika. Kila kinachokusumbua kiripotiwe, lakini usiitupe kalamu kabla ya kujua kama kweli ndiyo yenye kosa.

Kwangu mimi, kosa la wazi la kalamu lilikuwa misuli ya miguu kukaza. Takwimu zile zile zinasema jambo hili huwapata watu wachache tu, chini ya 3 katika 100, ingawa ni mara mbili ya wasiotumia dawa, na mimi nilikuwa miongoni mwa wachache hao. Kuanzia mwezi wa pili, nilikuwa nikiamka usiku wa manane shavu la mguu wa kushoto limekuwa gumu kama jiwe, vidole vimejikunja kuelekea chini, na siwezi kuunyoosha mguu bila kupiga kelele. Dada yangu alikuwa akija na kuusukuma unyayo wangu kuelekea juu kwa kiganja chake mpaka msuli ukubali kuachia, na asubuhi yake nilitembea nikichechemea kana kwamba nimepigwa. Niliposhauriana na daktari, alinipima kwanza madini kwenye damu na vitamini D, akaona viko sawa, kisha akanishauri nirudishe sindano mchana, saa nane, nikiwa nimeshakula na nina nafasi ya kukaa. Nilifanya hivyo kwa woga kwa sababu ya kile kizunguzungu cha mwanzo, lakini mwili ulikuwa umekwisha kuzoea. Misuli iliendelea kukaza, ila sasa ilikuwa jioni nikiwa macho, na niliweza kuiwahi kwa kusimama mbele ya ukuta na kuinyoosha miguu kabla haijafika mbali. Kufikia mwezi wa tisa, ilikuwa imepungua hadi mara moja au mbili kwa mwezi. Haikuisha kabisa mpaka nilipomaliza dawa.

Mabadiliko hayo ya saa yalinifundisha jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Sindano hii hupandisha kalsiamu kwenye damu kidogo na kwa muda, kilele kikiwa kati ya saa nne na sita baada ya dozi, kisha hushuka. Siku moja nilitolewa damu jioni, saa nne na nusu baada ya kujidunga, na majibu yakaonyesha kalsiamu iko juu ya kiwango. Kwa siku mbili niliamini kwamba figo zangu zinajaa mawe. Daktari aliniuliza swali moja tu, saa ngapi ulijidunga, akaagiza kipimo kirudiwe kabla ya sindano inayofuata, saa 16 au zaidi baada ya ile iliyotangulia, na kalsiamu ikawa ya kawaida kabisa. Ukienda maabara, sema saa ya sindano yako hata kama hujaulizwa. Aliyewahi kuwa na mawe ya figo amweleze daktari kabla ya kuanza, kwa kuwa kwake tahadhari ni kubwa zaidi.

Maudhi mengine yalikuwa mepesi: alama ndogo za damu kuvilia tumboni, ambazo zilipungua nilipoanza kuhama upande kila siku na kuacha kupasugua, na maumivu ya viungo ya wiki za mwanzo ambayo siwezi kuapa kwamba yalitokana na dawa. Utunzaji ndio uliokuwa mgumu. Kalamu hukaa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi kwa muda wote wa matumizi, na haitakiwi kuganda. Mwezi wa tano niliisukuma nyuma kabisa ya rafu, karibu na ukuta wa jokofu unaotoa baridi kali, na asubuhi nikaikuta na barafu ndani. Ilikuwa na dozi 19 zilizobaki, na zote zilitupwa, kwa sababu dawa iliyoganda haifai hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Baada ya hapo niliiweka kwenye kikopo mlangoni mwa jokofu, na nikisafiri niliibeba kwenye mfuko wa kutunza baridi, ikiwa imezungushiwa taulo ili isigusane na barafu.

Lazima niseme pia kuhusu saratani, kwa kuwa ndiyo habari ya kwanza niliyosimuliwa na mgonjwa mwenzangu nikiwa nasubiri zamu. Dawa hii ilipoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2002, ilibandikwa onyo zito kuhusu saratani ya mfupa, kwa sababu panya wa maabara waliopewa dozi kubwa kwa sehemu kubwa ya maisha yao walipata uvimbe huo. Watu walifuatiliwa kwa miaka mingi, na ongezeko la namna hiyo halikuonekana kwao, hivyo mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa lile onyo zito. Bado haipewi mtu aliyewahi kutibiwa kwa mionzi kwenye mifupa, mwenye ugonjwa wa Paget wa mfupa (ambao mfupa hubomolewa na kujengwa upya ovyo), wala kijana ambaye mifupa yake ingali inakua. Nilipoyajua hayo, hofu yangu ilipata mipaka, nami nililala usingizi.

Je, ilinifaa? Kipimo changu cha uzito wa mifupa ya kiuno kilikuwa na alama ya T, inayolinganisha mifupa ya mtu na ya kijana mwenye afya na ambayo kadiri inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo mfupa ulivyo dhaifu, ya −3.4 kabla ya kuanza, na −2.8 baada ya miezi 24. Sijavunjika pingili nyingine. Katika ule utafiti wa 2001, pingili mpya zilizovunjika zilipungua kwa asilimia 65 kwa waliotumia mikrogramu 20, na nilichokiona kwangu kinaendana na habari hiyo. Maumivu ya mgongo yalipungua polepole sana, na kimo changu kilichopotea hakikurudi, wala dawa hii haijaahidi kukirudisha.

Mfupa uliojengwa na teriparatidi huanza kupotea tena dawa ikikoma, kwa hiyo lazima ifuatwe na dawa ya kuuhifadhi. Mimi nilipewa asidi ya zoledroniki, miligramu 5 kwa dripu isiyopungua dakika 15, mara moja kwa mwaka. Kabla yake nilipimwa figo, kalsiamu na vitamini D, na nikaenda kwa daktari wa meno, kwa kuwa dawa za kundi hili zinaweza, kwa nadra, kusababisha mfupa wa taya kushindwa kupona baada ya jino kung’olewa. Usiku wa siku ya dripu nilipata homa kali, mifupa yote ikaniuma, hata nywele nilizihisi zinauma. Nilikunywa maji mengi na parasetamoli kama nilivyoelekezwa, na siku ya tatu niliamka mzima. Homa hiyo humpata takriban mtu mmoja katika watatu kwenye dripu ya kwanza na hupungua sana kwenye zinazofuata, na kweli ya pili ilinipa uchovu wa jioni moja tu. Kama ningekuwa sikuambiwa mapema, ningedhani ninakufa. Safari hii niliambiwa, na tofauti niliiona.

Sasa nije kwa dada yangu. Yeye anatumia denosumabu, miligramu 60 chini ya ngozi kila baada ya miezi sita, na kwa mtu anayeangalia maudhi ya siku kwa siku, hakuna sindano tulivu kuliko hiyo. Alikuwa akichomwa mkononi, anarudi nyumbani, anaendelea na shughuli zake. Utulivu huo ndio uliotuponza. Mwaka wa nne kituo alichokuwa akichomwa kilimwambia dawa imekwisha, arudi baadaye, na kwamba miezi sita ni makadirio tu. Si makadirio. Denosumabu haibaki ndani ya mfupa kama asidi ya zoledroniki. Nguvu yake ikiisha, seli zinazokula mfupa huamka kwa pamoja na kwa kasi kubwa kuliko hapo awali, na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa mkupuo. Dada yangu alikaa miezi kumi bila sindano. Mwezi wa kumi alikohoa akiwa amekaa kitini, akashika mgongo, na picha ikaonyesha pingili mbili mpya zimebonyea, yeye ambaye hakuwahi kuvunjika pingili hata moja.

Siikatai denosumabu kwa sababu hiyo. Katika utafiti wake mkubwa wa mwaka 2009, wenye wanawake 7,868, ilipunguza kuvunjika kwa pingili kwa asilimia 68, na ni chaguo jema kwa watu wengi. Ninachosema ni kwamba anayeianza aandike tarehe zake zote mapema, aiulizie sindano mwezi mmoja kabla, na asiiache bila daktari kumpangia dawa ya kuifuata. Mwenye figo dhaifu awe macho zaidi, hasa anayesafishwa damu, kwa maana kalsiamu yake inaweza kushuka vibaya. Ganzi ya vidoleni na kuzunguka midomo ni dalili ya kwenda hospitali siku ile ile. Maumivu mapya ya paja au kinena yasiyo na sababu nayo yasipuuzwe, iwe ni kwa denosumabu au kwa dripu yangu.

Dada yangu amerudi kwenye sindano zake. Tarehe ya inayofuata tumeiandika kwa wino mwekundu ndani ya mlango wa kabati, kwenye karatasi ile ile yenye tarehe ya dripu yangu ya tatu, na chini yake kuna namba ya simu ya muuguzi aliyeniambia nikae kitandani.